Papa, Alivaa Viatu

Papa,

Pa, pa, pa, pa. Sauti hiyo haijaniondoka. Siyo sauti ya cherehani yako, ingawa ndiyo iliyonilea, wala kikohozi chako cha zile siku za mwisho. Ni viganja vyako vikipiga meza ya cherehani, polepole kwanza, halafu upesi, halafu upesi zaidi. Macho umefumba. Sisi tumekaa kwenye mkeka na tunajua kwamba hapa si kambi ya wakimbizi ya Dzaleka tena, hapa ni Roma, na yule askari Mhabeshi anakimbia mbio ndefu kuliko zote, pekupeku, juu ya mawe. "Musikie miguu," ulikuwa unatuambia. "Musikie vile ngozi inaongea na barabara."

Jana nimeisikia tena. Nilikuwa Lumbadzi, natoka Lilongwe kuja nyumbani, gari limesimama kungoja abiria, na mama mmoja muuza unga alikuwa anakung'uta gunia kwa viganja viwili. Pa, pa, pa, pa. Nikacheka peke yangu kwa nguvu, mpaka mwendesha kabaza aliyeegemea baiskeli yake akaniuliza kama niko salama. Nikamwambia niko salama sana. Ilikuwa kweli, Papa. Ndiyo maana leo jioni nimekaa kwenye kigoda chako, nakuandikia. Nina mambo ya kukueleza, na moja kati yake nilipaswa kukueleza ukiwa hai.

Kwanza habari za nyumbani. Mvua zimekwisha na mahindi yameingia ndani. Mama ameanza kuimba tena asubuhi, zile nyimbo za kwao Fizi, na anazikosea maneno kama zamani. Cherehani amejifunza mwenyewe. Mkanda ukitoka anautukana kwa Kibembe, halafu anaangalia picha yako ukutani na kusema, "Pardon." Mbuzi wa jirani alikula patroni yako, ile karatasi ya kukatia sketi za kwaya, upande wa mbele wote, kwa hiyo mwaka huu waimbaji wamevaa sketi za mtindo ambao hukuufikiria wewe, ameufikiria mbuzi. Zimependeza. Mimi bado niko chuo cha ualimu Lilongwe, bado nalala mtaa wa Area 36 kwa mama mdogo, na bado kila Jumamosi narudi huku. Sasa nina sababu kubwa zaidi ya kurudi. Nitafika huko.

Unajua nilichokikosa zaidi? Jumapili saa nane. Watu wametoka kanisani, wamekula, wanasogea mmoja mmoja kwenye kivuli cha kibanda chako kama watu waliopita tu kusalimia, na wote wanajua wamefuata Swali, lile moja la kila Jumapili, na taji la atakayelijibu. Ulikuwa umeacha vitabu vyako vyote Uvira, kule Kongo, siku vita vilipofika mtaani kwetu. Ulitoka na mkasi, Biblia na sisi. Mwalimu wa historia wa miaka ishirini, bila kitabu kimoja! Lakini ulipofika hapa ukaanza kututolea mabingwa wa Olimpiki kutoka kichwani, wa kale na wa leo, kama mtu anayetoa nguo kwenye sanduku. Majina hukuyataja kamwe. Ulisema majina ni kazi ya redio, wewe unataka kazi ya mtu na kwao. Kwa hiyo sisi tuliwajua kama majirani: yule mpishi aliyeshinda mbio za kwanza zilizoandikwa. Yule mpiganaji wa Krotoni aliyebeba ndama kila siku mpaka ndama akawa fahali. Yule bondia aliyevunjwa meno akayameza, ili mpinzani wake asifurahi. Hapo Mama alikuwa anapiga kelele kutoka jikoni, "Wacha kuambia batoto mambo ya kumeza meno!" na wewe unajibu, "Alishinda, mama! Alishinda!"

Na taji. Wagiriki walikuwa na mzeituni, ukasema, sisi tuna mapande. Ukalishona kwa vipande vilivyobaki vya nguo za watu wote: kitenge cha mama mchungaji, gabardini ya suruali za shule, lesi ya bibi harusi aliyeolewa Mchesi. Mshindi alilivaa wiki nzima, popote aendapo, na Jumapili alilirudisha. Hakukuwa na taji la pili. "Zamani hakukukuwa wa pili," ulisema. "Wa pili alirudi kwao kwa njia ya nyuma." Nakumbuka ile siku ya kugawa unga, Mzee Tharcisse amesimama kwenye mstari na taji kichwani, uso mkavu kama wa hakimu, na yule mgawaji Mmalawi akamwuliza, "Abambo, lero ndinu mfumu?" kama leo yeye ni mfalme. Mzee Tharcisse akasema, akimshukuru kwa lugha yake, "Hapana, zikomo. Mi ni mwanamichezo." Mstari mzima ukalala kwa kicheko.

Mzee Tharcisse. Fundi viatu, Mrundi wa Bururi, kibanda chake kinatazamana na chako, na kati yenu kulikuwa na njia moja nyembamba na mabishano yasiyokwisha. Wewe unavisha watu kuanzia shingo, yeye anavisha kuanzia chini, na kila mmoja alidai mtu huanzia upande wake. Ulimpenda. Nilijua ulimpenda siku ulipouliza swali la yule Mrundi wa Atlanta. Hilo swali ulimpa yeye peke yake, kama zawadi. Nchi yao ilikwenda Olimpiki kwa mara ya kwanza, ukasema, na mkimbiaji wao bora alikuwa na nafasi katika mbio anazozijua kuliko zote. Alifanya nini? Na Mzee Tharcisse akasimama, akavua kofia. "Alimuachia rafiki yake." Rafiki aliyekosa michezo miaka mingi kwa kuwa nchi yao haikuwamo. Akamwachia nafasi yake, akaenda kukimbia mbio nyingine, ndefu zaidi, asizozizoea, na huko akaleta dhahabu. Ulipiga meza kwa viganja mpaka uzi ukaanguka. Wakongomani na Warundi wote walipiga makofi, na nakumbuka niliwaza kwamba kwetu Kongo na kwao Burundi watu walikuwa wanauana mwezi ule ule ambao sisi tulikuwa tunapiga makofi.

Hilo lilikuwa taji lake la saba. Baadaye likaja la nane, la tisa, la kumi. Ulishatuambia habari za yule wa Rode, mbio tatu katika michezo minne iliyofuatana, na ya mwisho kila mara alikimbia amebeba ngao. Mataji kumi na mawili. "Miaka elfu mbili na zaidi," ulisema, "ilipita bila mutu mumoja peke yake kumufikia." Na ukaahidi kwamba atakayefikisha kumi na mawili hapa Dzaleka atakiona ulichomwekea. Hukusema ni nini. Mzee Tharcisse alifikisha kumi na moja na akaanza kutembea taratibu kama mtu aliyebeba mayai.

Sasa nifike pale, Papa.

Jumapili ile ulikuwa na furaha, umevaa lile shati la buluu. Ukauliza: yule Mhabeshi wa Roma alirudi tena kushinda Tokyo, miaka minne baadaye, wiki chache baada ya kupasuliwa tumbo, alikimbia na nini miguuni? Watoto wote wakapaza sauti, "Pekupeku!" Ukaanza kutabasamu. Mzee Tharcisse akanyanyua mkono.

"Mwalimu, pale mi nakukatalia. Ku Tokyo ule mutu alivaa biatu. Biatu na soksi nyeupe."

"Biatu gani? Mutu alishinda Roma na ngozi yake, sasa aende Tokyo kuvaa biatu juu ya nini? Juu ya baridi?"

"Mi niliona foto. Ku misioni, mu gazeti. Nilikuwa najifunza kazi, niliangalia soli tu."

"Bantu ba Mungu, musikie!" Ulisimama, Papa, ukageukia watu, ukafungua mikono. "Fundi wa biatu anatafuta bateja mpaka Tokyo!"

Watu walicheka mpaka wakashikana. Hata mimi nilicheka. Mzee Tharcisse peke yake hakucheka. Alisema kwa upole, "Na we, Mwalimu? We ulisikia ku redio. Ku redio biatu habionekanake."

Wote tulijua hadithi ya ile redio, wewe mtoto wa miaka kumi na miwili, Uvira imejaa waasi, umejificha chini ya kitanda cha mjomba na redio tumboni, unamsikiliza Mwafrika akiwashinda wote kule Japani. Uliisikia miguu yake. Ulituambia hivyo mara mia. Uliisikia.

Halafu ukageuka kwangu. "Faida, mama, we unasoma Lilongwe. We njo mwamuzi. Sema: alivaa, ao hakuvaa?"

Papa, nilikuwa nimeiona picha. Alhamisi ile ile. Maktaba ya chuo ina kitabu kikubwa cha michezo ambacho jalada lake limetoka, na mimi nilikuwa nakisoma polepole kila wiki nikikutafuta wewe ndani yake, nikifurahi kila nilipokukuta. Mpishi yumo. Ndama yumo. Wa Rode yumo. Na kwenye ukurasa wa Tokyo, anakimbia peke yake mbele, uso umetulia, na miguuni kuna viatu. Soksi nyeupe zimepanda juu ya vifundo. Niliutazama ukurasa ule mpaka kengele ikalia.

Na nilikuambia, "Sijui, Papa."

Nikaona mabega yako yameshuka kwa unafuu. Taji ukalitundika kwenye msumari, hakuna mshindi. Mzee Tharcisse akavaa kofia yake, akavuka ile njia nyembamba, akarudi kwenye soli zake. Jumapili iliyofuata hakuja. Na iliyofuata hakuja. Mlisalimiana asubuhi na jioni, vizuri, kwa adabu, na adabu ile iliniuma kuliko matusi.

Nataka uelewe kwa nini. Sikukuogopa. Lakini ulikuwa umebaki na kichwa chako tu. Shule haipo, vitabu havipo, nyumba wanaishi watu wengine. Niliona kwamba nikitoa tofali moja pale ndani, huenda mengine yatafuata. Nilidhani nakulinda. Leo naona nilikudharau, Papa, kwa kufikiri kwamba wewe, uliyetembea toka Uvira mpaka huku, ungevunjwa na jozi moja ya viatu.

Wiki tatu baadaye ukaugua. Zahanati, dripu, siku nne. Siku ya tatu ulinishika mkono ukasema, "Ile foto ya Tokyo, siku utaiona, uniambie." Nikasema ndiyo. Nilikuwa nimeshaiona, na nikasema ndiyo, na kesho yake hukuwepo.

Asubuhi ya maziko Mzee Tharcisse alikuja nyumbani kabla ya watu wote. Hakukaa. Alimwomba Mama viatu vyako vyeusi, vile vilivyokuwa na tundu kwenye kidole gumba cha kulia. Akavichukua kwenye kibanda chake, akafunga mlango, na alipovirudisha vilikuwa na soli mpya na vinang'aa kiasi cha kujitazama. Alikuvisha mwenyewe, akafunga kamba, akazikaza. Halafu akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama yuko ng'ambo ya njia anakuchokoza: "Huyu wangu ataenda amevaa." Mama akacheka, Papa. Katikati ya kilio alicheka, akalia, akacheka tena, na wanawake wote wakamfuata bila kujua wanacheka nini. Mimi nilitoka nje. Nilijua wakati huo kwamba nitasema, lakini sikujua nitasema lini.

Ulinisaidia wewe mwenyewe. Tulipomaliza matanga, mimi na Mama tulifungua lile sanduku la bati ili tugawe nguo zako. Chini kabisa, ndani ya shuka, kulikuwa na koti. La kijivu, kitambaa kizito, bitana ya hariri bandia nyekundu. Nikakunjua. Mabega mapana, mikono mifupi. Halikuwa la kwako. Mama akalitazama tu na kusema, "Ni ya Tharcisse." Ulimpima lini? Kwa macho, ng'ambo ya njia, siku zote hizo? Vifungo vitatu mbele. Vinne mkono wa kulia, vinne wa kushoto. Kumi na moja. Kwenye mfuko wa ndani tundu la kifungo lilikuwa limeshakatwa na kutiwa uzi, na humo mfukoni, katika kijikaratasi kilichokunjwa, kilikuwemo kifungo cha kumi na mbili.

Nimefikiri sana ulikikunja lini. Kabla ya Tokyo, au baada? Kama ni kabla, ulikuwa unangoja tu ashinde. Kama ni baada, basi ulijua ameshashinda. Mama anasema baada. Anasema wiki ile ulikuwa unapiga meza kwa viganja peke yako, unasimama, unasikiliza, unapiga tena.

Basi nisikilize. Jumapili iliyopita nilikwenda kwa Mzee Tharcisse nikamwomba avuke njia, aje kwenye kivuli chako. Alikuja na misumari midogo bado mdomoni. Watu walikuwa wengi, wameshazoea kuja kukaa tu. Nikakaa kwenye kigoda chako, nikauliza lile swali la Tokyo neno kwa neno. Watoto wakapaza sauti, "Pekupeku!" Nikasema, "Hapana. Alivaa viatu. Papa alikosea. Na mimi nilijua siku ile ile, na nilidanganya mbele yenu wote." Nikatoa kitabu, maana mkutubi aliniazima kwa wiki moja, nikaupitisha ukurasa mkono kwa mkono. Hakuna aliyecheka. Kitabu kilipomfikia Mzee Tharcisse alikiinamia muda mrefu. Nilidhani analia. Akanyanyua kichwa akasema, "Ile soli ya kushoto hawakuishona vizuri."

Papa, laiti ungekuwepo! Walipiga vigelegele mpaka watu wa mtaa wa pili wakaja mbio. Nililitoa taji kwenye msumari nikamvika, la kumi na mbili, sawa na wa Rode. Halafu Mama akatoka ndani na koti. Alilivaa. Lilimkaa kama limemwagwa juu yake. Akapapasa mfuko wa ndani, akakikuta kile kifungo nilichokishona mwenyewe kwa uzi wako mweusi, mishono minane kama ulivyonifundisha, mahali ambapo hakionekani. Alisimama hivyo, mkono ndani ya koti, kwenye kifua. Akasema, "Mwalimu aliniachia nafasi." Kisha akavua kandambili yake moja, akapiga soli kwenye meza yako ya cherehani. Tok. Tok. Tok. Na watu wakavua viatu vyao, vyote, raba, kandambili, viatu vya kanisani, wakapiga chini, na hiyo, Papa, ndiyo Tokyo. Hivyo ndivyo ilivyolia. Nimekupelekea jibu, nimechelewa, lakini nimelileta.

Wakaniomba nibaki kwenye kigoda. Nimekubali, na nimeshaanza. Nimeongeza sheria moja tu: atakayenikamata nimekosea, taji ni lake. Leo lilikuwa swali langu la kwanza. Nilichagua yule mama wa zamani, aliyejivika nguo za mkufunzi wa wanaume ili aingie uwanjani mahali wanawake wamekatazwa, kisha akaruka ukuta kwa furaha na vazi likafunguka. Nikauliza nani alikuwa ameshinda. Nikasubiri, nikatoa jibu mwenyewe: kaka yake. Na kutoka jikoni, pale alipokaa Jumapili zote hizo na sisi tukidhani hasikilizi, Mama akaja na mwiko mkononi.

"Kaka wapi? Mutoto wake! Mama gani ataruka ukuta juu ya kaka? We Faida, juu yako ule ukuta mi niliuruka tangu Uvira."

Lala salama, Papa, na viatu vyako vizuri miguuni. Nakuahidi kwamba nikikosea nitakubali kukosolewa, na nikijua nitasema siku hiyo hiyo. Taji nimeshalitoa. Mama anasonga ugali hivi sasa, amelivaa, na amekataa kulivua hata moshi umeingia kwenye lesi.

Mwanao,
Faida